Kueleza Nyundo kwa Mtu Asiyeziona

Walisema sitaweza. Prezida wa koperative yetu alisema mbele ya watu wote, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa atelie, karakana yetu: kwamba mtu aliyerudi kutoka Afrika ya Kusini na diploma ya kompyuta anaweza kufungua simu za wasichana waliosahau namba ya siri, lakini hawezi kumweleza kipofu jinsi moulin inavyofungwa. Mpiga picha wa ndoa, ambaye nilikwenda kumwomba kamera, alisema picha haielezwi, picha inatazamwa, na mwenye kutaka kuieleza hana kazi ya kufanya. Dada yangu mkubwa, ambaye tumbo moja lilituzaa, alisema kwa kifupi zaidi.

"Weye? Hata kuelezeya mama yetu kule kwenye ulikuwa myaka kumi, ulishindwa."

Naandika haya hasira ikiwa bado haijaniisha, na sitaki iishe kabla sijamaliza.

Nilitoka Lubumbashi na mfuko mmoja wa nguo. Kule Johannesburg nililinda magari ya watu mbele ya duka la nyama, nikaosha vyombo, nikasoma jioni, nikafeli mwaka mmoja, nikaurudia, nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenilipia. Hakuna padri aliyeniandikia barua. Baba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeletwa kutoka kaskazini, na kwetu mtoto akisema anataka kusoma aliambiwa kwanza amalize kufua. Diploma hiyo iko ukutani kwangu, imewekewa kioo, na mgeni haketi kabla hajaiona. Wengine huniita mwenye kujisifu. Najisifu. Wao wangekuwa nayo wangeivaa shingoni.

Koperative yetu inatengeneza na kuuza mashine za kusagia mahindi, zile ambazo mjini tunaziita moulin. Atelie iko Katuba, nyuma ya ukuta wa matofali mekundu, na kelele zake majirani wameshazizoea. Mashine zinapakiwa kwenye malori zinakwenda Kasomeno, Pweto, Mitwaba, kokote ambako watu wanakula bukari, ugali wetu, na wamechoka kutwanga. Zikiharibika huko, fundi wa kumwita ni nadra. Ndiyo maana, kabla sijarudi, koperative ilikuwa tayari na tovuti ya maelekezo: jinsi ya kufunga mashine, kuifungua, kuisafisha, kubadilisha vinavyochakaa. Zilikuwa kurasa za maandishi matupu, faili chache ndani ya kabrasha moja kwenye kompyuta ya kukodi, bila mtambo wowote wa siri nyuma yake. Zilikuwa nyepesi. Zilifunguka hata kwa mtandao wa Mitwaba, ambao huingia na kutoka kama mgeni asiyependa chakula chako.

Aliyezitumia kuliko wote alikuwa fundi wetu wa Kasomeno. Nitamwita Fundi tu. Alifanya kazi Katuba miaka mingi, akafundisha nusu ya wale wanaoshika nyundo pale leo, kisha presha ya macho ikamlia mwanga kidogo kidogo hadi ikaumaliza. Mke wake ana shamba Kasomeno, wakahamia huko, na koperative ikamwachia mashine zote za barabara ya Kasenga. Anafanya kazi kwa vidole. Simu yake ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Anaiweka kwenye mfuko wa shati, anaisikiliza, na mikono yake inafuata. Sauti ile inazungumza Kiswahili cha redio ya pwani, na Fundi huiita mama mukwe, kwa sababu inaongea kwa adabu na haichoki kukuamuru.

Tena maandishi yale ya tovuti yalikuwa yake. Alipokuwa bado anaona ukungu, aliketi na sekretari wa koperative wa wakati ule akamtamkia kila hatua, wiki baada ya wiki, pamoja na mabadiliko ya mashine mpya. Hilo nilikuwa silijui nilipoanza. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Komite iliponiita, shida yao ilikuwa aibu. Prezida alikuwa ameona tovuti ya wauzaji wa kigeni wenye mashine kama zetu, imejaa picha zinazong'aa, akasema yetu inafanana na tangazo la mazishi.

"Tunataka ma picha," aliniambia. "Weye unasema ulisoma. Basi utuwekee ma picha, na chini ya kila picha maneno ya kueleza. Bantu baone kama tuko bantu."

Yaani watu waone kwamba nasi ni watu. Nikakubali. Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu aliyesoma. Kila picha kwenye tovuti hubeba maneno ya aina mbili. Kuna yale yanayoandikwa chini yake, ambayo kila mwenye macho anayasoma. Na kuna mengine yaliyofichwa nyuma ya picha, ambayo simu ya asiyeona huyasoma kwa sauti, na ambayo humtokea mwenye mtandao mbovu pale picha inapogoma kufunguka. Mwalimu wangu mmoja kule kusini alitupigia kelele juu ya maneno hayo ya pili hadi tukamchukia. Niliyajua. Nasisitiza kwamba niliyajua.

Siku ya kupiga picha, komite nzima ilikuja imevaa kostimu. Jumanne, saa tatu asubuhi, atelie ya mafuta na chuma, na watu tisa wamefunga tai. Mpiga picha wa ndoa alikuwa ameletwa na prezida mwenyewe, akawapanga kama anavyopanga familia ya bibi harusi: wakubwa katikati, wengine pembeni, mikono juu ya mashine. Ndiyo desturi yetu. Ukimpiga picha mtu wa Lubumbashi karibu na kitu chake, lazima akishike, asimame mbele yake, na aangalie kamera kama anayeapishwa. Katika picha ya hatua ya nne, ambayo ilipaswa kuonyesha chumba cha nyundo, vile vyuma vinavyozunguka na kuvunja mahindi, kikiwa wazi, mtunza hazina amesimama mbele ya chumba, kitambi chake kimekifunika chote, na mkono wake uko juu ya kifuniko kama anayekibariki.

"Papa, sogea kidogo," nilimwambia. "Nyundo hazionekani."

"Nyundo itaonekana siku ingine," alinijibu. "Miye nakufa kesho."

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Kisha yakaja maelezo. Prezida alileta karatasi iliyopigwa chapa, na juu yake majina na vyeo vya kila mtu kwa kila picha, kuanzia kwake kushuka hadi mshauri wa pili. Akasema protokoli ndiyo heshima ya shirika. Kama jina la sekretari mkuu lingetangulia la makamu, tungekesha katika kikao. Nikayaingiza yote kama yalivyo, chini ya picha na nyuma ya picha, kwa sababu nilitaka kumaliza. Na kwa kuwa ukurasa wenye maandishi marefu na picha kubwa ulikuwa unaonekana kama gunia lililofurika, niliyafuta maandishi.

Niliyafuta. Hatua zote za Fundi, niliziona ndefu, zimejaa "shika hapa, papasa pale, sikiliza", nikasema huyu aliyeandika hakwenda shule. Picha moja inatosha. Niliweka faili mpya juu ya zile za zamani, katika kabrasha lile lile, na sikuhifadhi nakala. Mtoto wa mwaka wa kwanza anafundishwa kuhifadhi nakala. Prezida alifungua tovuti kwenye simu yake, akajiona, akanishika bega, akasema sasa tuko bantu.

Wiki tatu baadaye mwenye mashine mmoja kule Kasomeno alichoka na unga uliokuwa unatoka kama chenga, akamwita Fundi. Ilikuwa mashine ya aina mpya, ambayo nyundo zake hazipangwi kama za zamani. Fundi aliikumbuka ile ya zamani kwa mwili wake wote; ile mpya alizoea kuisikiliza kwanza ukurasani. Akafungua ukurasa, akaweka simu mfukoni, na mama mukwe akaanza kumsomea: Mheshimiwa Prezida wa Koperative, Mheshimiwa Makamu wa Prezida, Sekretari Mkuu, Mtunza Hazina akiwa ameweka mkono juu ya moulin. Akasikiliza ukurasa mzima. Kisha, watu wakiwa wamesimama na ndoo zao za mahindi, akafunga nyundo kwa namna aliyoijua. Mashine ilipowashwa ilitetemeka hadi ikahama mahali pake, na beringi ikavunjika. Hakuna aliyeumia.

Alinipigia simu siku ile ile.

"Mwana, uko muzima? Nilisikiya bakubwa bote, na vyeo vyabo. Nyundo iko wapi?"

"Nyundo iko kwenye picha, papa."

"Aa. Na maneno yangu, yenyewe ilienda wapi?"

Hapo ndipo nilipoambiwa, na yeye mwenyewe, kwamba yalikuwa maneno yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la dada yangu, jua la saa nane, na ulimi wangu ulitafuta pa kujificha.

"Ilipotea, papa. Ni serveur."

"Serveur njo nani?"

"Ni kompyuta ya mbali, inayobeba tovuti."

"Basi umuambie arudishe," alisema kwa upole. "Yeye ana kazi gani nayo?"

Sikurudisha chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kurudisha. Sekretari yule aliyeandika alikuwa ameondoka Katuba na daftari zake, na simu yake haikupatikana. Na komite haikungoja. Walikuwa na barua mezani kutoka kwa mwenye mashine, na prezida alikuwa na mtoto wa dada yake, mwenye macho mazuri na pikipiki nzuri, aliyekuwa akitafuta kazi. Kikao kikaitwa mlangoni mwa atelie. Fundi atolewe, kijana apewe barabara ya Kasenga. Kipofu, walisema, tulimwachia kazi kwa huruma, na huruma imevunja beringi.

Nilikuwa nimealikwa kueleza mambo ya tovuti. Nilisimama. Moyo wangu ulijua ni nini cha kusema, na mdomo ukasema kingine. Nilisema: nipeni mwezi mmoja. Nitaiandika mashine yenu kwa maneno na picha, namna ambayo Fundi ataifungua na kuifunga hapa mbele yenu, akisikiliza simu tu. Akishindwa, mtoeni, na mimi mnitoe pamoja naye. Ndipo prezida aliposema yale ya simu za wasichana. Wakacheka wote, hata mshauri wa pili, ambaye hajawahi kuelewa mzaha maishani mwake. Lakini mwezi walinipa, kwa sababu walitaka kuniona nikianguka.

Sikuwa na kitu. Diploma haipigi picha. Nilikuwa na kompyuta yenye betri iliyochoka na umeme wa mtaa wetu ulikuwa unakuja unapotaka. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho kwa miaka kumi ya ugenini nilijivunia kutokukifanya: nilikopa. Nilianza na mpiga picha.

"Kamera yangu inapiga mabibi harusi," alisema, akiwa ameikumbatia. "Weye unataka kupigisha nayo makopo ya mafuta."

"Nyundo. Na mikono."

"Mikono ya nani? Ya bantu ba kazi?" Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Nitakupatia. Lakini ikirudia na mukwaruzo, unanunua, na siku ya kuoa kwako sikupigi."

Jirani yangu alinikopesha pikipiki, akinionya breki ya nyuma ina kiburi. Dada yangu, baada ya kunitukana vya kutosha, alinipa betri na paneli ya jua inayopoza vinywaji vya duka lake, na hilo si jambo dogo, maana wateja wa Lubumbashi hawasamehi chupa ya moto.

"Wiki tatu," alisema. "Na kama bananiuliza juu ya nini Fanta iko moto, nitasema ni diploma ya muloko wangu."

Muloko ni mdogo wa mtu. Nina ndevu, na kwake mimi bado ni muloko.

Nikaenda Kasomeno. Vumbi la barabara ile sitalieleza. Kila aliyeipita analo mapafuni. Fundi alinipokea kwenye baraza ya jiko, akanipapasa uso, akasema nimekonda, akamwambia mke wake asonge bukari kubwa. Hakuniuliza tena juu ya serveur. Nilimwambia nimekuja kuboresha tovuti. Neno "kuboresha" lilitoka kinywani mwangu kama mfupa.

Aliniletea seti yake mwenyewe ya nyundo, nane, za chuma cha zamani, ambazo amezitunza tangu Katuba kwa kufundishia. Aliketi juu ya gunia, akaweka mhimili wa mashine mapajani, akaanza kazi. Mimi nilipiga picha za mikono yake. Sikutaka uso, sikutaka kostimu. Baada ya kila picha niliandika maneno yake ya nyuma, nikamsomea. Ya kwanza niliisoma kwa kujiamini, kama mtu aliyesoma.

"Picha inaonyesha nyundo nane zikiwa zimepangwa vizuri."

Alisimamisha mikono juu ya mhimili. Kisha akasema, "Vizuri njo namna gani?"

"Vizuri, papa. Kwa mpangilio."

"Weye unaona vizuri. Miye nashika. Andika yenye ninaweza kushika."

Nikafuta, nikaandika tena, akakataa. Nikaandika mara ya tatu, akakataa. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba huko nilikosoma kuna kanuni, maelezo ya picha yawe mafupi, yasirudie yaliyo kwenye maandishi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akachukua mkono wangu, akaniwekea nyundo moja kila kiganja.

"Funga macho. Mbili hizi beko sawa?"

Nilifunga. "Ziko sawa."

"Hapana. Ya kushoto ililiwa. Ukiweka hizi zitazamane, moulin itakimbia mu kijiji kama mbuzi."

Alikuwa sahihi, tulizipima kwenye mizani ya muuza samaki wa Pweto aliyekuwa akipumzika pale. Tulikaa siku sita. Mwishoni ile picha ya kwanza ilikuwa na maneno haya nyuma yake: "Mikono miwili, nyundo moja katika kila kiganja, zinapimwa uzito. Zilizo sawa ndizo zinazotazamana: moja upande huu wa mhimili, mwenzake upande wa pili." Ya chujio ilisema: "Kidole kinapita juu ya chujio. Upande unaokwaruza ngozi ndio unaoelekea nyundo. Upande laini unakaa nje." Ya mkanda ilisema: "Kidole gumba kinabonyeza mkanda katikati. Unazama kwa unene wa kidole hicho, si zaidi." Chini ya kila picha niliweka mstari mmoja kwa wenye macho, na juu yake hatua kamili, zile za "shika hapa, papasa pale, sikiliza", ambazo alinitamkia upya moja baada ya nyingine bila kulalamika. Picha ambayo haikuwa na la kumwambia Fundi niliitoa. Kila picha niliipunguza hadi ikawa nyepesi kiasi cha kufunguka Mitwaba, na nilipoondoka nilikuwa na nakala tatu, moja kwenye mkoba, moja kwenye simu, moja kwenye kadi niliyoishona ndani ya mkanda wa suruali. Alinipa na nyundo zake nane, ili nikipungukiwa na picha nipige nyingine mjini.

Tovuti nzima niliijenga upya kwa mikono hii, nikitumia betri ya Fanta. Kuna mtu mwingine Lubumbashi angeweza? Nitajieni.

Jumamosi ya jaribio watu walijaa uwanjani mwa atelie. Fundi alikuja na lori la mkaa kutoka Kasomeno, amevaa shati safi, kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja. Mashine ya aina mpya ilikuwa imefunguliwa yote, vipande vimemwagwa juu ya turubai. Mtoto wa dada ya prezida alisimama karibu na pikipiki yake akichezea funguo.

"Papa, kama mama wa mu telefone amechoka, utuambie," mmoja wa watazamaji alisema.

"Hachoke," Fundi alijibu. "Si bibi yako wa nyumbani."

Kicheko kikamgeukia aliyesema. Kisha Fundi akapiga magoti, akapapasa turubai yote kwanza, kutoka kona hadi kona, kama anayehesabu watoto. Aligusa simu. Alisikiliza. Akapima nyundo mbili mbili, akabadilisha jozi moja, akasikiliza tena, akazipanga. Akapitisha kidole kwenye chujio. Nilijua ni sentensi gani anasikia kila dakika, midomo yangu ilikuwa inazisema. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba. Mota ikawashwa. Mashine ikakaa mahali pake na kuimba. Mama mmoja akamimina ndoo ya mahindi, na unga ukatoka laini, mweupe, moto, na watu wakaupitisha viganjani.

Nilidhani tumemaliza. Prezida akainua mkono, akangoja kelele ziishe.

"Tumeona," alisema. "Kazi anaijua. Basi kule Kasomeno alizembea tu. Barua ibaki mu dosiye yake. Kijana ashike barabara, na yeye amsaidie."

Fundi alikuwa anajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa kwamba ni uamuzi wa haki, kati na kati, kila mtu apate kidogo. Na mimi niliona wazi kwamba pale uwanjani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua haikuwa haki, na mtu huyo alikuwa na diploma.

Niliwachukia wote kwa kunifikisha pale. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Hakuzembea. Ukurasa ulikuwa mtupu. Mimi ndiye niliyefuta maneno yake, sikuhifadhi nakala, na mahali pake niliweka vyeo vyenu. Alitafuta nyundo, akasikia Mheshimiwa Makamu. Si serveur. Papa, serveur haikupoteza kitu. Ni mimi."

Prezida alisema, "Unasema ni kosa ya komite?"

"Ninasema ni kosa langu, na mlinisaidia."

Mtunza hazina alikohoa. Mtu fulani nyuma akapaza sauti, "Tusomee hiyo picha ya kitambi!" na mwingine akaitoa kweli kwenye simu yake ya zamani, alikuwa ameihifadhi, akaisoma kwa sauti ya mama mukwe, vyeo vyote kwa mpangilio, na watu wakashika mbavu. Prezida hakucheka, lakini si mjinga. Anajua wakati uwanja umemponyoka. Barua ilichanwa. Fundi akabaki na barabara ya Kasenga. Kijana alipewa Mitwaba, akajifunze kusoma.

Fundi alinitafuta kwa mkono hadi akanipata.

"Nilijua," alisema. "Kompyuta haina wivu ya maneno ya muntu."

Akaniacha hapo. Alijua siku zote sita, akila na mimi bukari sahani moja. Hilo linanikasirisha kuliko kicheko cha komite nzima.

Jumatatu niliwarudishia vitu vyao wote walionikopesha. Asubuhi nilimrudishia mpiga picha kamera yake; aliigeuza dakika kumi juani akitafuta mukwaruzo, hakuuona, na nilimwona amekasirika kidogo. Nikamwonyesha picha ya viganja viwili na nyundo. Akaitazama kwa muda, akasema mwanga ungetoka kushoto ingekuwa picha. Jirani nilimrudishia pikipiki yenye tangi kamili na breki ya nyuma iliyopona kiburi. Dada yangu nilimbebea betri na paneli hadi dukani, nikamfungia mwenyewe, nikangoja friji iunguruke. Alinipa chupa ya kwanza iliyopoa, akaitoza bei kamili.

Saa tisa nilikuwa kwenye maegesho ya malori ya barabara ya Kasenga, nyundo nane zimefungwa ndani ya kitambaa. Fundi alikuwa ameshapanda juu ya magunia. Nilimpandishia. Alizifungua mapajani, akazipima mbili mbili kiganjani, zote, huku dereva akipiga honi.

"Bote beko," alisema. Kisha, nilipokuwa nimeanza kushuka: "Mwana. Mu ukurasa wa saba uliandika bulo ya kulia. Kulia ya nani? Ya muntu anasimama mbele ya moulin, ao ya moulin yenyewe?"

Bulo ni bolti. Nilisema mbona Jumamosi aliifunga vizuri.

"Miye najua. Muntu wa Pweto hatajua."

Nilimwambia dereva angoje. Nilifungua kompyuta juu ya gunia la simiti, katikati ya wapakiaji wanaonitukana, nikaandika: "bulo iliyo upande wa mkono wako wa kulia ukisimama mbele ya mdomo wa kumiminia mahindi." Nikaituma. Tulingoja mtandao. Fundi, mkono mmoja begani kwangu, akagusa simu yake, akasikiliza hadi mwisho, akaniachia bega, nikashuka, na lori likaondoka.